Mlowezi na Kitabu cha Ubatizo

Fundisho kwa walimu, wazee wa sharika na wote wasomao

Katika mkutano wa walimu uliopita ndugu mmoja aliinuka akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema hivi: "Mtu akikaa kwetu miaka arobaini, akalima, akaoa, akazaa, akazika, naye hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba yumo nchini kwa haki, je, huyo ni mgeni au ni mwenyeji?" Wengine walicheka, maana walimjua mtu aliyekuwa akiwazwa. Wengine walinyamaza, nasi tulikuwa miongoni mwao, kwa sababu tutakayoieleza sasa hivi. Tangu siku ile tumesoma sheria, tumeuliza wenye kujua, tumekwenda Bariadi na kurudi. Basi twaandika jibu, ili mwalimu akijiwa na mtu wa namna hii nyumbani kwake wakati wa usiku, asimjibu kwa kubahatisha.

Sababu ya kunyamaza kwetu ni hii. Mwaka 2009 tulikuwa tukitumikia usharika mmoja wa hapa Maswa, nasi tungali wageni katika kazi ya uchungaji. Palikuwa na mtu mzima aliyefundishwa katekisimo pamoja na mkewe, na siku ya Pasaka tukambatiza. Tulipokuwa tukijaza kitabu cha ubatizo tulifika penye mahali pa kuzaliwa. Tukamwuliza. Akainamisha kichwa. Mzee mmoja wa kanisa aliyesimama karibu akasema upesi, "Mchungaji, andika Kasulu." Nasi tukaandika Kasulu. Tulijua vema kwamba si Kasulu. Habari alizokuwa amezisimulia za utoto wake zilionyesha wazi ya kuwa alizaliwa ng'ambo ya mto Malagarasi, katika nchi ya Burundi, akaja huku yapata mwaka 1979, naye ni mvulana atafutaye kazi ya kuchunga ng'ombe. Lakini tuliliona kuwa neno dogo, tena neno la huruma, tukafunga kitabu.

Miaka kumi ikapita. Tarehe 1 Mei 2019 Serikali ilianza kuandikisha laini za simu kwa alama za vidole, na kila mwenye laini alitakiwa kuwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Tarehe 20 Januari 2020 ikawa mwisho wa kungojea, na laini zisizoandikishwa zikaanza kufungwa. Ya mzee wetu ilifungwa pia. Tangu hapo mwanawe aliyeko Mwanza akimpelekea fedha, hana budi kuzipeleka kwa simu ya mama yake. Anayewajua wazee wa Kisukuma, na huyu kwa tabia amekwisha kuwa Msukuma, atafahamu jinsi inavyomwuma mwenye boma na wajukuu kungojea mkewe amsomee salio.

Siku moja akatujia. Akaomba cheti cha ubatizo, apate kukitia pamoja na barua nyingine za kuombea kitambulisho. Tulipositasita akasema, "Mchungaji, sikuombi uongo. Nakili tu yaliyomo kitabuni. Kitabu ni chako."

Hatukuwa na la kumjibu. Aliyetunga uongo ule si yeye, ni sisi. Tena mkono uliouandika ulikuwa umeshika kitabu kile ambacho watu hukiamini kuliko maneno yao wenyewe. Tulikataa kumpa cheti, naye akaondoka bila kuaga, na miezi mitano hakuonekana kanisani. Msomaji asidhani kwamba tulikuwa na amani kwa kuwa tumekataa.

Sasa tutazame jambo lenyewe, tukianza na jinsi watu hawa walivyofika. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo hupita Malampaka katika wilaya yetu. Kwa miaka mingi mtu wa magharibi alipanda gari la moshi Kigoma, akabadili Tabora, akashuka Malampaka, akaingia mashamba ya pamba. Zamani za Waingereza mpaka wa Tanganyika na ule wa Ruanda-Urundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haukuwazuia watu wenye kutafuta kazi. Mgeni akifika Usukumani alikwenda kwa mwanangwa, akaonyeshwa mahali pa kujenga na kulima, akawa mtu wa gunguli lile. Hapakuwa na aliyemwuliza hati. Kukubaliwa na mwanangwa na majirani ndiko kulikokuwa hati yake.

Ulipokuja uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, mambo yalibadilika, ijapokuwa vijijini hayakuonekana. Kwa sheria ya siku ile, raia wa Tanganyika alikuwa yule aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Aliyetoka Urundi mwaka 1950 hakuwa raia kwa njia hiyo, wala mtoto wake aliyezaliwa hapa kabla ya uhuru, ikiwa mama naye alitoka huko. Watu wa namna hiyo iliwapasa kujiandikisha. Lakini ni nani aliyekwenda kumwambia mchungaji wa ng'ombe habari hizo? Akaendelea kuchunga. Baadaye wakaja wengine, wakakaa kwa desturi ile ile ya zamani, na sheria tayari ilikuwa mpya.

Watu hawa Idara ya Uhamiaji huwaita walowezi, yaani wageni waliokwisha kulowea nchini miaka mingi bila kibali. Walimu wajihadhari wasiwachanganye na watu wa namna nyingine mbili. Wa kwanza ni wakimbizi. Mkimbizi amepokewa na Serikali kwa sheria yake, ile ya mwaka 1998, naye ana karatasi inayomtambulisha kuwa mkimbizi. Wa pili ni Waha wa Kigoma, na hapa hatuna budi kusema kwa nguvu. Muha ni Mtanzania kama Msukuma alivyo. Lugha yake yakaribiana sana na Kirundi, na kwa ajili hiyo Waha wengi wamesumbuliwa katika nchi yao wenyewe, wakaulizwa majina ya babu zao mara kwa mara, na jambo hili limesemwa hata Bungeni. Mwalimu asimwite mtu Mrundi kwa kusikia matamshi yake. Tena uongo wetu wa mwaka 2009 uliwadhulumu hawa pia. Maana kila mgeni aandikwaye kuwa mtu wa Kasulu humwongezea shaka mtu wa Kasulu kweli.

Basi sheria yasemaje? Sheria ya Uraia ya Tanzania, namba 6 ya mwaka 1995, inajua raia wa namna tatu: kwa kuzaliwa, kwa kurithi, na kwa tajnisi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 22, mtasoma habari za jemadari aliyeupata uraia wa Rumi kwa fedha nyingi, na Paulo aliyezaliwa nao. Tajnisi ndiyo njia ya jemadari yule: mtu aliyekuwa wa taifa jingine huomba, akachunguzwa, akapokewa.

Mwombaji wa tajnisi awe ametimiza miaka 18. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, awe na tabia njema, awe na faida kwa taifa katika uchumi, elimu au utamaduni, tena awe ameazimu kuishi hapa daima. Msomaji atasema, mbona mzee wetu anayo yote haya! Amekaa miaka arobaini, si 7. Kiswahili anakijua, na Kisukuma zaidi. Pamba yake imepimwa mizani kila msimu. Lakini ndipo penye fundo. Ofisi hutaka kukaa huko kuonekane katika vibali vya ukaazi, na mlowezi hana kibali. Miaka yake yote ameikaa kama mtu asiyekuwapo. Sheria ya Uhamiaji, ambayo nayo ni ya mwaka 1995, huhesabu kukaa bila kibali kuwa kosa lenye faini, au kifungo, na kuondoshwa nchini. Hivyo miaka ile ile aitajayo kuwa haki yake, ofisa aweza kuihesabu kuwa kosa lake.

Tena aombaye hana amri juu ya jibu. Maombi hupita mikononi mwa wengi hata kufika kwa Waziri, naye Waziri hakulazimishwa na sheria kutoa sababu ya kukubali au kukataa. Twasema haya ili mwalimu yeyote asimwahidi mtu kitu asichoweza kukitoa.

Kuna la ndoa. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia ana njia nyepesi: maadamu mumewe yu hai, sheria yampa ruhusa ya kuomba tajnisi kwa ajili ya ndoa ile. Mwanamume mgeni aliyeoa binti wa nchi hana njia hiyo. Mzee wetu alifikiri ng'ombe alizolipa mahari kwa baba wa mkewe zilimfanya mtu wa hapa. Katika ukoo, kweli. Katika sheria, hapana. Sisi twaona sheria ingetazama wote wawili sawasawa, lakini haya ni mawazo yetu, na mwalimu afundishe ilivyoandikwa.

Katika habari ya watoto pana faraja, na ndilo jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto aliyezaliwa Tanzania, na mama yake ni raia, huyo ni raia kwa kuzaliwa, hata kama baba ni mlowezi. Hana haja ya kubadili jina la baba yake wala ya kumwita mjomba wake baba. Twajua nyumba ambamo watoto waliandikishwa shule kwa jina la ndugu wa mama, kwa hofu tu, na sasa vyeti vyao vya darasa la saba havipatani na cha ubatizo, wala cha ubatizo na cha kuzaliwa. Hofu iliwafunga mahali ambapo sheria haikuwafunga.

Wazazi wote wawili wakiwa walowezi, jambo ni gumu zaidi. Ukisoma kifungu cha 5 cha sheria ile utaona kwamba aliyezaliwa nchini tangu Muungano ni raia, ila watoto wa mabalozi na wa adui. Lakini desturi ya ofisi ni kutaka mzazi mmoja awe raia. Wanasheria wameandika juu ya tofauti hii kati ya maneno ya sheria na desturi ya ofisi, wala haijakwisha. Mwalimu asijitie katika hukumu ya namna hii. Ampeleke mtu kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi hao, nao hawatakiwi kumtoza maskini.

Pengine mtu atauliza, je, yuko aliyewahi kupita njia hii akafika? Wako, tena wengi. Mwaka 1980 Serikali ya Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000. Baadaye likaja jambo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1972 palitokea mauaji makubwa katika Burundi, na watu wengi sana wakakimbilia kwetu, wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Makanisa yetu yalikuwa na mkono katika kazi ile, kwa kuwa shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilisaidia kufyeka misitu, kuchimba visima na kujenga shule na zahanati katika makao hayo. Watu wakalima, wakajilisha wenyewe. Mwaka 2007 Serikali ikakubaliana na Burundi na Umoja wa Mataifa kwamba kila mmoja aulizwe: warudi au wabaki? Sehemu nne katika tano hivi walichagua kubaki. Mwaka 2010 watu 162,156 wakakubaliwa kuwa raia.

Lakini angalieni yaliyofuata. Waliambiwa kwamba wahame makao yale na kutawanyika mikoani kabla ya kupewa hati. Mikoa haikuwa tayari kuwapokea, nao hawakuwa tayari kuacha mashamba na makaburi. Hati zikakaa. Mpaka Oktoba 2014, zilipoanza kugawiwa, watu hawa walikaa kama miaka minne, si wakimbizi tena, wala si raia wenye kitu mkononi. Kukubaliwa ni jambo moja, na kushika karatasi ni jambo jingine. Aliyeambiwa "umekubaliwa" asilale mpaka aishike. Tena Warundi wa mwaka ule ule wa 1972 waliojikalia wenyewe vijijini Kigoma, nje ya makao, hawakuhesabiwa pamoja na hao. Waliokuwa wameandikwa walionekana. Waliokuwa wamekaa kimya hawakuonekana.

Kukaa kimya kulionekana tena ubaya wake mwaka 2013. Mwezi wa Julai Rais alitoa amri kwamba wahamiaji wasio na kibali katika mikoa ya magharibi waondoke wenyewe, na mwezi wa Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondolewa. Katika hao walikuwamo waliokaa miaka mingi, waliooa na kuolewa hapa, na nyumba nyingi zikagawanyika, mume upande mmoja wa mpaka na mke upande mwingine. Baada ya hayo, mwaka 2014 na 2015, Uhamiaji pamoja na shirika la kimataifa la IOM waliandikisha walowezi zaidi ya 22,000 katika mikoa ile mitatu. Mkoa wetu wa Simiyu haukuwamo, wala katika operesheni wala katika kuandikisha, na kwa hiyo wengi huku walidhani jambo hili ni la watu wa mpakani. Simu ndizo zilizowafundisha kwamba sivyo.

Majirani zetu wa Kenya nao wana habari za kutufaa. Wamakonde walitoka Msumbiji zamani za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani, wakazaa watoto na wajukuu huko Kwale, bila kuwa raia wa nchi yoyote. Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi, wakaonana na Rais Kenyatta, akaamuru wapewe vitambulisho, na miezi michache baadaye wakaanza kuvipokea. Halafu wako Washona wa Kiambu. Hawa waliondoka Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, yapata mwaka 1960 kuhubiri dini yao, wakabaki, wakaishi kwa useremala na kusuka vikapu. Wahubiri hawa na watoto wao walikaa miaka 60 bila hati, hata tarehe 12 Desemba 2020 Rais alipotangaza kwamba Washona 1,670 watatambuliwa kuwa raia. Tunaosimamia madhabahu na tufikiri hapo. Walikuja na vitabu vyao vya ibada, na katika vitabu vyote hivyo hapakuwa na kimoja cha kuwaandika wao katika nchi.

Twarudi kwa mzee wetu. Alipokuwa amekaa ile miezi mitano bila kuonekana, mwanawe alipata mtu wa mjini aliyemwahidi cheti cha kuzaliwa cha Kasulu, tayari kimepigwa mhuri, kwa bei ya ndama wawili. Mama mwenye nyumba ndiye aliyekuja kutuambia. Akasema, "Mchungaji, mlimwanzishia safari, sasa mnamwacha njiani." Neno lile lilituingia. Tukaenda nyumbani kwake jioni, tukamwomba radhi mbele ya mkewe na watoto, si kwa kukataa kumpa cheti, bali kwa kuandika Kasulu. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa niseme nini mbele ya Serikali, baada ya miaka yote hii?"

Tulimweleza kama tuwaelezavyo ninyi. Cheti cha kununua si njia. Tusitaje hata amri ya nane, maana hiyo anaijua. Tutaje sheria ya uraia tu. Aliyeupata uraia wa tajnisi kwa kusema uongo au kuficha jambo kubwa aweza kunyang'anywa, hata baada ya muda mrefu. Na anayejifanya raia kwa kuzaliwa hali sivyo, hana uraia wa kunyang'anywa. Ana karatasi tu, na siku ikijulikana, watoto wake ambao ni raia kweli wataanza kutiliwa shaka kwa ajili ya karatasi ile. Neno hili la watoto ndilo lililomgeuza. Ndama walibaki zizini.

Halafu tukamwambia na hatari, maana si haki kumshawishi mtu aende ofisini na kumficha yanayoweza kumpata. Aendaye kusema kweli amekiri kosa. Ofisa aweza kumpokea na kuandika maelezo yake, tena viongozi wa Uhamiaji wamewaita walowezi mara nyingi wajitokeze. Lakini hatuwezi kusema kwamba hakuna awezaye kushikwa. Kwa hiyo asiende peke yake, wala asiende mikono mitupu. Amtangulize msaidizi wa kisheria, aulize kwanza.

Hapa ndipo vitabu vyetu vinapofaa. Mlowezi hana vibali, lakini miaka yake imeandikwa mahali, tukitafuta. Kitabu cha ubatizo chaonyesha alikuwapo mwaka fulani. Kitabu cha ndoa chaonyesha mwingine. Ubatizo wa watoto, kipaimara chao, majina ya wadhamini, hata daftari la sadaka ya mavuno: yote haya ni mashahidi wasiosahau. Kadi za kliniki za watoto, stakabadhi za pamba za chama cha msingi, barua ya mtendaji wa kijiji, maneno ya majirani wawili watatu walio wazee kuliko yeye, vyote vikusanywe. Havimfanyi raia. Vinamwonyesha kuwa ni mtu aliyekaa wazi kati ya watu, aliyelima na kulea, wala hakujificha ili kufanya mabaya. Hata RITA, wanapoandikisha kuzaliwa kwa mtu aliyechelewa, hupokea cheti cha ubatizo kuwa mmoja wa ushahidi. Mwalimu aandikaye kwa haraka Jumapili jioni, na afikiri kwamba ukurasa ule huenda ukasomwa mezani kwa ofisa miaka thelathini baadaye.

Katika kitabu kilichokosewa, kama chetu, hatufuti. Kufuta ni kosa la pili. Tulifanya hivi: pembeni mwa neno Kasulu tuliandika kwamba neno hili si sahihi, kwamba liliandikwa na mchungaji naye akijua, na kwamba mbatizwa asema alizaliwa Burundi, tukatia tarehe, tukatia sahihi, wazee wawili wa usharika wakatia zao, na mbatizwa akatia dole gumba. Mmoja wa wazee hao alikuwa ni yule yule aliyesema "andika Kasulu." Alitia sahihi bila neno. Kisha tukampasha habari mkuu wa jimbo, kwa kuwa mchungaji hana ruhusa ya kugusa kitabu kwa siri. Baada ya hayo tuliweza kumwandikia mzee cheti cha ubatizo kisichotuonea haya.

Walimu wengine wametuuliza, je, usharika ukimjua mlowezi, umpeleke kwa Serikali? Jibu letu ni kwamba kazi ya mwalimu ni kumsindikiza, si kumshitaki, wala si kumficha. Kumbukeni kwamba sheria humgusa pia amhifadhiye kwa makusudi mtu aliyevunja sheria hii, na atoaye habari za uongo kwa ajili yake. Kwa hiyo msiandike barua za kusema "namfahamu tangu kuzaliwa" kwa mtu mliyemwona mara ya kwanza akiwa na ndevu. Andikeni mnachokijua: tangu mwaka gani, kwa kazi gani, kwa mwenendo gani. Barua ya namna hiyo ni fupi, lakini yaweza kuapiwa. Na watu wa sungusungu walio Wakristo wasitumie jambo hili kulipizana visasi vya mashamba. Tumesikia ya mtu aliyeitwa mlowezi siku ile ile aliyodai mpaka wa shamba lake.

Tulikwenda Bariadi mwezi wa pili baada ya mavuno, mzee, mkewe, mtoto wa kwanza, msaidizi wa kisheria na sisi. Tangu Machi 2012 Simiyu ni mkoa, basi hatukuwa na haja ya kufika Shinyanga kama zamani. Mzee alivaa koti lake la Krismasi. Alipoulizwa mahali alipozaliwa, alitazama kwanza mkewe, kisha akasema jina la kilima ambalo sisi hatukuwahi kulisikia, katika miaka yote ya kumfahamu. Ofisa akamwomba alitaje tena polepole, akaliandika. Yakaandikwa na mengine, kurasa nne, akatia dole. Akaambiwa arudi na barua ya mtendaji wa kijiji na picha ndogo, kisha atapewa siku nyingine. Kitabu chetu cha ubatizo kilitazamwa, na maneno ya pembeni yakasomwa mara mbili.

Njiani kurudi hakusema sana. Tulipopita Nyalikungu alinunua vocha ya simu, akampa mkewe. Barua ya mtendaji imekwisha kupatikana, na picha zimepigwa. Siku aliyopewa ni Jumanne ya pili ya mwezi ujao.